Umeme ukikatika, maji ya tangi yatakwenda wapi?

*Maswali ya wasomaji: samaki wa mapambo nyumbani*

SWALI: Shikamooni wahariri. Nipo Chumbageni, Tanga. Nataka kujitengenezea tangi la samaki la sebuleni, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, na chini yake tangi dogo la kuchujia maji, lifichwe kabatini. Fundi wa vioo ananiambia kioo cha milimita 6 kinatosha. Nataka kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa. Nianzie wapi? *Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Marahaba. Kwanza la kioo: milimita 6 hazitoshi, usikubali hata ukipunguziwa bei. Fundi anapima kwa mazoea ya madirisha, na dirisha halibebi maji. Kwa kimo cha sentimita 50 na urefu huo, weka milimita 10 pande zote na chini. Juu, gundisha vipande vya upana wa sentimita 5 kwenye pande ndefu na kimoja cha kukatiza katikati, ili kioo kisitune tumbo.

Tangi hilo likijaa ni lita 270. Vioo peke yake ni kilo 54 hivi; ongeza mchanga, mawe na meza, unakaribia kilo 400. Sakafu ya zege ya chini itabeba. Ghorofa ya mbao ya nyumba za zamani isiguswe bila mtu wa ujenzi kuikagua. Meza ya chuma ipigwe redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kabla ya rangi, kwani upepo wa bahari wa Tanga hula chuma kuanzia kwenye maungio. Kati ya meza na kioo tandika karatasi ya stairofomu ngumu, ile nyeupe ya kufungashia friji. Punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua.

Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni ina dawa hiyo na inaua samaki. Futa kingo za vioo kwa spiriti, usizishike tena kwa vidole. Vioo vya ubavuni vikatwe sentimita 42.8, si 43 (yaani upana wa 45 ukitoa unene wa vioo viwili): hizo milimita 2 ni nafasi ya silikoni, milimita moja kila upande. Acha siku 7, mpaka harufu ya siki iishe kabisa, ndipo ujaribu maji. Likivuja, usipake silikoni juu ya silikoni. Mpya haishiki kwenye iliyokauka. Kwangua yote kwa wembe, uanze upya.

Sasa tufike kwenye jambo linalolowesha sebule nyingi. Maji hutoka tangi la juu kwa tundu la kumwagikia, yanashuka kwenye chujio, na pampu inayarudisha juu. Pampu ikiwa inafanya kazi kila kitu kinapendeza. Umeme ukikatika, maji ya juu yanaendelea kushuka hadi yafike chini ya mdomo wa tundu, na bomba la kurudishia nalo linageuka mpira wa kunyonyea, linashusha maji mpaka mdomo wake upate hewa.

Piga hesabu kabla hujanunua bomba. Kila sentimita moja ya maji kwenye tangi lako la juu ni lita 5.4. Yakishuka sentimita 3, ni lita 16, na yaliyomo kwenye mabomba yanafikisha 20. Tangi la chini la 80 kwa 35 linapanda sentimita moja kwa kila lita 2.8, kwa hiyo lita 20 ni sentimita 7. Acha nafasi tupu isiyopungua sentimita 10 juu ya maji ya kawaida, usalama uwepo. Lakini mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa sentimita 15 ndani ya maji, zitashuka lita 81, yaani tangi la chini litapanda sentimita 29. Hapo zulia limekwisha.

Dawa yake: mdomo huo ukae karibu na uso wa maji, na toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba, chini kidogo ya uso. Maji yakishuka, tundu linavuta hewa na mnyonyo unakatika. Kila wiki lisafishe kwa kijiti. Ukijani hupenda kuliziba. Usitegemee vali ya kuzuia maji kurudi peke yake, konokono mmoja mdogo huifanya isifunge. Kabla ya samaki yeyote kuingia, jaza maji, washa pampu, kisha ichomoe kwenye umeme na utazame. Maji yakitulia, weka alama kwa kalamu kwenye kioo cha chini. Rudia mara tatu.

Matundu ya kioo yatobolewe kabla ya kugundisha, kwa biti ya almasi na maji. Kioo kilichochomwa kuwa kigumu, tempa, hakitoboleki, kinasambaratika. Nunua tanki konekta (kiungio cha kupitishia bomba kwenye kioo) kwanza, ndipo utoboe kwa kipimo chake. Bomba la kushushia liwe inchi moja na nusu, la kurudishia robo tatu. Pampu ikuletee juu lita 1,000 hadi 1,300 kwa saa. Namba ya kwenye boksi hupimwa bila kupandisha maji, kwa hiyo chukua ya 2,500.

Mbuna umechagua vizuri. Wanataka pH ya 7.8 hadi 8.6, na maji magumu ya visima vya pwani huwafaa, ilimradi yasiwe ya chumvi. Ya bomba yaache wazi kwenye ndoo saa 24, klorini ipae. Joto likipita nyuzi 29, weka feni ipulize uso wa maji ya chini, na yanayopungua yajazie kwa maji ya mvua, maana chumvichumvi hazipai na mvuke.

SWALI: Niliweka samaki 15 siku moja baada ya kujaza tangi. Siku ya nane wamekufa 11, na maji ni maangavu kabisa. Tatizo nini? *Msomaji, Mikanjuni*

JIBU: Pole sana. Ni amonia, na amonia haionekani. Inatoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki; bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 kuota kwenye sponji ya chujio. Kwenye maji ya joto yenye pH ya juu sumu yake huzidi. Kwa waliobaki, badilisha theluthi ya maji kila siku na uwalishe kidogo, siku moja moja. Omba kipande cha sponji chafu kutoka tangi la zamani la jirani, kitafupisha muda. Na sponji isuuzwe kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si bombani: klorini itawaua wale bakteria unaowasubiri.

SWALI: Naweza kupamba kwa matumbawe ya baharini? *Msomaji, Raskazone*

JIBU: Hapana. Matumbawe hai ni viumbe, na ukanda wetu una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009. Tumia mawe ya chokaa ya nchi kavu, ya kununua. Kuyatambua, kamulia ndimu: likitoa mapovu ni chokaa, linafaa kwa mbuna wa Nyasa, halifai kwa samaki wa maji laini kama neoni.