Re: Saa za Beirut na Nairobi, na siku za mapumziko Lebanon

Dada, umeuliza kwa nini saa ya mdogo wako aliyeko Beirut mara inalingana na ya Nairobi, mara iko nyuma, na lini ofisi za huko hufungwa.

Nairobi haibadilishi saa, Lebanon hubadilisha. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, saa 6 kamili inageuka saa 7, na hapo mnalingana. Oktoba, Jumapili ya mwisho vilevile, saa 6 inarudi saa 5, naye anabaki nyuma yako kwa saa moja mpaka Machi.

Simu iache ijirekebishe yenyewe. Ila mwaka 2023 hilo liliwachanganya watu kwelikweli: serikali iliahirisha badiliko hilo kwa ajili ya Ramadhani zikiwa zimebaki siku chache tu, Kanisa la Wamaroni (Wakatoliki wa huko) likakataa, nchi ikaenda kwa saa mbili tofauti hadi usiku wa kuamkia Machi 30.

Pasaka huko ni mbili, ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi, kila moja na Ijumaa Kuu yake. Mwaka 2025 ziliangukia siku moja, Aprili 20. Krismasi ya Waarmenia ni Januari 6. Machi 25, Kupashwa Habari Maria, hupumzika Wakristo na Waislamu pamoja. Idi hutegemea mwandamo, kwa hiyo miadi ya ofisini iwekeni mbali nayo siku tatu hivi.