Injinia unayepanga maboksi Marekani: shule au biashara?

Mkuu nimekusoma, we injinia wa kemikali kutoka Dar, mwaka wa pili unapanga maboksi ghalani na unauliza urudi shule au ufungue kampuni moja kwa moja. Mi nasema shule kwanza.

Mcheki Andrew Grove, mmoja wa vigogo wa Intel, ile kampuni ya chipu za kompyuta: kazaliwa Budapest 1936, akakimbia Hungaria baada ya yale machafuko ya 1956, akashuka meli New York 1957 Kiingereza cha kuungaunga na masikio mabovu tangu utotoni. Akafanya vibarua vya kutoa vyombo mezani hotelini huku anapiga injinia ya kemikali City College, chuo cha jiji la New York, kule ada ilikuwa bure, akamaliza 1960 na 1963 akabeba udaktari (PhD) chuo kikuu cha Berkeley, California. Hapo ndo akawa mwanasayansi kamili, akaenda maabara ya Fairchild, kampuni ya chipu, kuhangaika na silikoni, 1967 akatoa kitabu cha fizikia ya semikondakta (vitu kama silikoni vinavyotengenezea chipu), afu wakubwa wake wa Fairchild, Robert Noyce na Gordon Moore, walipoanzisha Intel 1968 ye akaingia nao siku ya kwanza kabisa. Miaka 11 tu tangu ashuke meli!

Ila usikopi kila kitu, jamaa alikuwa na miaka 20, we una watoto wawili. Peleka vyeti vyako vikakaguliwe, afu waandikie maprofesa wenye maabara inayofanana na fani yako, wengi wanalipia ada na posho wanafunzi wa udaktari, so usikimbilie mkopo. Na hiyo kampuni, muulize kwanza mwanasheria viza yako inaruhusu nini.