Kabla ya kufunga barabara kwa sherehe ya mtaa, bisha hodi kila mlango

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Kitanzania anayeishi Leicester, Uingereza, na watoto wake wawili. Aliniita shangazi, kama wengi wenu mnavyoniita, akanieleza kwamba alisoma habari za sherehe tuliyoifanya barabarani kwetu Jumapili ya tarehe 7 Mei 2023, siku moja baada ya Mfalme Charles kutawazwa, na kwamba naye angependa watoto wake wakue na kumbukumbu ya namna hiyo. Kinachomzuia ni hofu. Majirani zake humsalimu kwa kutikisa kichwa tu, na hajui hata majina yao. Aliuliza, "Shangazi, mgeni anaweza kuanzisha sherehe katika mtaa wa wenyeji?"

Nilimjibu siku ileile kwamba anaweza, na kwamba anaifaa kazi hiyo kuliko wenyeji wenyewe, kwa kuwa anajua mlango usiobishwa hodi unavyouma. Baadaye niliona nimemjibu kwa mkato mno, kwani nami nilikuwa mtoto wa mlango huo, na jambo hilo sijawahi kuliandika.

Nilikulia Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, katika mitaa ya Fratton ambako nyumba zimeungana kuta na milango yake inafunguka moja kwa moja barabarani. Wazee wangu waliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hawakuwa peke yao, maana familia kadhaa za Kizanzibari zilihamia mji huo. Hata Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliishi Southsea, upande wa ufukweni wa mji huohuo, tangu 1964 hadi alipohamia Oman mwaka 2020. Lakini katika barabara yetu tulikuwa sisi tu.

Mwaka 1977 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Malkia Elizabeth alikuwa ametimiza miaka 25 katika kiti cha enzi, na Jumanne ya tarehe 7 Juni ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili watu washerehekee. Desturi ya kupanga meza katikati ya barabara na kuwalisha watoto wa mtaa ilikuwa ya zamani kwa Waingereza. Waliifanya mwaka 1919 kwa ajili ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakairudia katika jubilii ya mwaka 1935, katika kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita mwaka 1937, vita vilipokwisha Ulaya mwaka 1945, na katika kutawazwa kwa Elizabeth mwenyewe mwaka 1953. Watu wazima wa barabara yetu walikuwa watoto katika sherehe hizo za nyuma, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Vibendera vya pembetatu vilitungwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha, na mtu akajitolea kukusanya michango.

Mkusanyaji huyo alikuwa mama mmoja aliyepita kila Ijumaa jioni na kopo la biskuti lenye sarafu na daftari la kuandikia majina. Mama yangu alikuwa ameshamwona, akaelewa, akaweka sarafu mbili za peni kumi kwenye kisahani nyuma ya mlango ili zisitafutwe atakapobisha. Mimi na kaka yangu tulikaa kwenye ngazi tukisikiliza. Sarafu zilitikisika mlango wa kushoto, sauti zikasikika, kicheko kikasikika, kisha hatua zikapita mbele ya mlango wetu bila kusimama, na sarafu zikatikisika tena mlango wa kulia. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata pia. Mama hakuziondoa zile sarafu kwenye kisahani. Alisema, "Labda leo ana haraka."

Sitamtaja mama yule kwa jina, na sina ushahidi kwamba alikuwa na chuki. Inawezekana alituonea haya, au alidhani sherehe ya Malkia wao haituhusu, au hakujua atuambie nini. Nimefikiria sababu zote hizo kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyonipunguzia uchungu, kwa kuwa mtoto aliyekaa kwenye ngazi hasikii sababu. Husikia hatua zinazopita.

Usiku wa kuamkia siku ya sherehe mama alikaanga visheti. Baba alimuuliza ni vya nani ilhali hatujaalikwa, naye akamjibu kwamba shughuli ikiwa mlangoni pa mtu, huyo mtu ameshaalikwa. Nakumbuka harufu ya hiliki iliyojaa hadi chumbani kwetu juu, na sinia kubwa la bati alilolifunika kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni, kitambaa ambacho kwa kawaida kilitoka kabatini siku ya Idi tu. Asubuhi kulikuwa na mawingu na baridi isiyostahili mwezi wa Juni. Meza zilipangwa, watoto wakatoka wamevaa kofia za karatasi, nasi tukawa dirishani.

Aliyekuja kutubishia hodi alikuwa bibi mzee wa nyumba ya kushoto, mjane, ambaye kabla ya siku ile hatukuwa tumezungumza naye zaidi ya kumwambia habari za asubuhi. Aliwatazama wazee wangu, akatutazama sisi, akauliza mbona watoto wako ndani. Mama hakujibu. Alimpa kaka yangu upande mmoja wa sinia, akanipa mimi upande wa pili, akasema kwa Kiswahili, "Msile nyama, na msikae mikono mitupu." Bibi yule alituweka kulia na kushoto kwake, akawaambia watoto waliokuwa hapo wasogee.

Sherehe yenyewe ilikuwa nzuri, na sitaki uchungu wangu uifiche. Kulikuwa na jeli nyekundu iliyotikisika kila mtu alipoegemea meza, sandwichi zilizokatwa pembetatu, maji ya machungwa katika jagi za plastiki, na mbio za kubeba yai kwenye kijiko ambazo kaka yangu alishika nafasi ya pili. Visheti vilianza kuliwa kwa mashaka, kimoja kimoja, kisha mvulana mmoja akajaza mfuko wa suruali, na baada ya hapo sinia halikuchukua dakika kumi.

Wakati watoto wakigombea visheti, bibi alinisimulia siku ya kutawazwa kwa Malkia, tarehe 2 Juni 1953. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, wakabeba meza zote na kuzipeleka ukumbi wa kanisa, na vibendera vya karatasi vikachuja rangi hadi kwenye mikono ya watoto. Sukari ilikuwa bado inauzwa kwa mgao tangu wakati wa vita, lakini serikali iliruhusu kila mtu aongezewe ratili moja kwa ajili ya siku ile, na kina mama wa barabara wakachanganya ratili zao ili keki ziwatoshe wote. Nyumba moja tu ilikuwa na televisheni. Watu walijazana sebuleni humo hadi wengine wakasimama ukumbini na kutazama kupitia migongo ya wenzao. Alimkumbuka Malkia Salote wa Tonga, aliyekataa kufunika gari lake la farasi na kupita katika mvua akiwapungia watu, na alikumbuka kwamba katika msafara ule walikuwamo masultani.

Jioni nilipomweleza mama habari hiyo, aliacha alichokuwa akikifanya. Aliniambia kwamba mmoja wa masultani hao alikuwa wetu, Sayyid Khalifa bin Harub, na kwamba kila alipopita bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa kwa ajili ya jubilii ya miaka 25 ya sultani huyo mwaka 1936, wakubwa wake walimhadithia jinsi watu walivyojaa pale. Nilimuuliza ni nani aliyewaalika watu hao. Mama hakulielewa swali langu.

Sasa nifike pale ninaposita. Sherehe ilipokaribia kwisha, watoto walipangwa mstari ili wapewe vikombe vya kumbukumbu, vyeupe, vyenye picha ya Malkia na utepe wa dhahabu mdomoni. Yule mama wa kopo alifungua daftari lake na kuita jina baada ya jina. Kila aliyeitwa alikwenda mbele, akapokea kikombe kwa mikono miwili, watu wakampigia makofi. Sisi tulikuwa mwisho wa mstari. Vikombe vilikwisha kabla hatujafikiwa, kwa kuwa vilinunuliwa kulingana na majina yaliyomo daftarini, na majina yetu hayakuwamo. Mama wa kopo alitazama sanduku tupu, akatazama daftari, kisha akatutazama, na uso wake ukawa mwekundu. Naamini hapo ndipo alipotuona kwa mara ya kwanza. Alisema pole. Bibi jirani alinishika bega, akanuna, lakini kikombe hakikuwapo.

Mama alikuwa amewaona watoto wengine wakipita na vikombe vyao. Nilipoingia ndani aliniuliza changu kiko wapi. Nikakumbuka usiku mzima wa kukaanga visheti, nikakumbuka sarafu za kisahani, nikamwambia kimevunjika. Akauliza, "Vipande viko wapi?" Nikasema nimevitupa. Aliosha sinia, akalikausha, akakunja kile kitambaa cheupe na kukirudisha kabatini. Hakuniuliza tena.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu ushauri wangu wote, mwanangu wa Leicester, umo humo. Ya kiserikali ni mepesi. Halmashauri nyingi za Uingereza zinataka maombi ya kufunga barabara yawafikie kati ya wiki 4 na 12 kabla ya siku, fomu yenyewe ni fupi, na sherehe ndogo ya wakazi isiyouza pombe haikuingizi katika mambo ya leseni. Acha njia ya gari la wagonjwa, andaa ukumbi iwapo mvua itanyesha, basi.

Kilichobaki ni milango. Barabara yetu ya sasa ina nyumba 46, nami mwaka 2023 nilizibisha zote mwenyewe kuanzia mwezi wa Februari, nyingine mara mbili, na moja mara nne hadi mwenyewe alipofungua. Alikuwa kijana anayefanya kazi za usiku, aliyeishi hapo miaka mitatu bila mtu yeyote kumgongea isipokuwa waleta vifurushi. Usitie karatasi kwenye tundu la barua ukadhani umealika. Karatasi si hodi. Simama mlangoni, sema jina lako, uliza jina la mtu na idadi ya watoto wake, na usifungue mdomo kuhusu mchango siku hiyo ya kwanza. Orodha ya waliochanga usiifanye kuwa orodha ya wageni. Hilo ndilo kosa la daftari lile, na ninaliona hadi leo katika shughuli zetu wenyewe, harusi na maulidi, ambapo mtu hupimwa kwa alichotoa kabla hajakaribishwa. Tubadilike. Tumelalamika vya kutosha nyuma ya mapazia kwamba wenyeji hawatujali, na wengi wetu hatujawahi kubisha hata mlango wa Msomali au Mpolandi aliye ukutani mwetu.

Wapo walionilaumu. Ndugu yangu mmoja aliniuliza kwa nini ninamfanyia sherehe mfalme wa watu walioitawala nchi yetu. Swali lake lina uzito na sikulipuuza, lakini nilimweleza kwamba mfalme alikuwa London, hakujua kama mtaa wetu upo, na waliokaa kwenye meza zangu walikuwa majirani. Hakukubali. Siku yenyewe alikuja, akala, akasaidia kukunja meza.

Jumamosi mvua iliwanyeshea watu London. Jumapili sisi tuliamkia ukavu. Tulikuwa na biriani, keki za Kiingereza, mikate ya Kipolandi, na visheti nilivyovikaanga usiku kucha katika jiko langu. Vikombe nilinunua kwa idadi ya watoto niliowahesabu milangoni, nikaongeza 12. Hapakuwa na daftari. Kila mtoto aliyefika mezani alichukua, na watoto watatu waliokuja kumtembelea bibi yao kutoka mtaa mwingine walichukua pia. Nilijivuna siku ile, na sioni haya kusema hivyo.

Mama, aliyekuwa na miaka 83, tulimwekea kiti chenye mito karibu na mlango, akiwa amejifunika kanga na koti juu yake. Jioni, watu walipoanza kufungua vibendera, nilimpelekea kikombe kimoja kati ya vilivyobaki. Alikigeuza, akakipitisha kidole mdomoni kama anayetafuta ufa.

"Hiki nacho utaniambia kimevunjika?" aliniuliza.

Nilipiga magoti pale barabarani nikamweleza yote, miaka 46 baadaye, kuanzia daftari hadi sanduku tupu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kwamba yule bibi wa nyumba ya kushoto alikuwa ameshamwambia, usiku uleule, kupitia uwazi wa ua wa nyuma, na kwamba alinyamaza kwa sababu aliona nilitaka anyamaze. Kikombe kipo jikoni kwake. Anatilia hiliki.