Kabla ya Kumpa Waziri wa Zamani Kiti kwenye Bodi

Kila mara Baraza la Mawaziri linapofanyiwa mabadiliko, simu huanza kulia kwenye ofisi za Upper Hill na Westlands, hapa Nairobi. Kampuni zinatafuta jina kubwa la kuweka kwenye bodi. Mimi ni katibu wa bodi, na mapendekezo ya namna hii nimeyapokea zaidi ya mara moja. Kwa wenzangu wenye kazi hii, nawasihi: msianze kwa kuuliza mheshimiwa atatufaa vipi. Ulizeni kwanza ni mambo gani yalipita mikononi mwake.

Sheria ya Uongozi na Maadili ya Kenya ya 2012 inamzuia aliyekuwa afisa wa serikali kuajiriwa na mtu au kampuni, au kuiwakilisha, katika jambo alilolishughulikia akiwa ofisini, kwa muda usiopungua miaka miwili. Bodi nyingi hushika miaka miwili na kusahau lile jambo. Wakurugenzi husema, "Tungoje muda uishe," kana kwamba kungoja kunatosha.

Hakutoshi. David Cameron aliacha uwaziri mkuu wa Uingereza Julai 2016, akawa mshauri wa kampuni ya fedha ya Greensill Capital mwaka 2018, miaka miwili aliyotakiwa kuomba ushauri wa kamati ya huko kabla ya kuchukua kazi mpya ikiwa imekwisha. Lakini mwenye kampuni hiyo alikuwa amefunguliwa milango ya serikali wakati wa utawala wake Cameron. Mwaka 2020 Cameron akawa anawatumia mawaziri na maafisa wa Hazina ujumbe wa simu kuiombea kampuni nafasi katika mikopo ya wakati wa korona. Greensill ikafilisika Machi 2021. Kamati ya bunge ikakuta hakuvunja kanuni, ila ikasema alikosa busara sana. Hiyo ndiyo aibu ninayoiogopa kuliko faini.

Kwa hiyo mimi humwomba mheshimiwa maandishi. Ukurasa mmoja au miwili: mikataba, zabuni, leseni, kanuni na kesi zilizotugusa sisi au washindani wetu, na sehemu yake katika kila moja. Nikishaipata, naiweka kando ya barua zetu wenyewe na wizara ile. Hapo ndipo mambo hujitokeza. Barua moja ya zamani yenye sahihi yake huweza kubadilisha mjadala mzima.

Wakubwa wengine hukasirika, na lugha ina kazi yake hapo: "Mheshimiwa, tunaomba utujazie hii kabla bodi haijakaa, ili tukulinde wewe na sisi." Mmoja alikuja na orodha yake tayari, ndefu kuliko tulivyotarajia, akasema mwenyewe faili ambayo hataigusa. Nilimheshimu sana kwa hilo, na tuliandika sharti hilo kwenye barua ya uteuzi bila mabishano: hatahudhuria kikao kinachoijadili, wala hatapiga simu wizarani kwa niaba yetu.

Uliza pia tarehe ya mazungumzo ya kwanza. Kama mlianza kuongea naye akiwa bado waziri, sheria hiyo ya 2012 ilimtaka atangaze kwa maandishi, kwa ofisi yake na kwa EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ahadi yoyote ya kazi inayoweza kuleta mgongano wa maslahi. Omba nakala. Asipokuwa nayo, mimi husimamisha uteuzi, hata mwenyekiti akinuna.

Na kama shirika lenu ni la serikali, fungueni Katiba, Ibara ya 77: afisa mstaafu anayelipwa pensheni ya umma haruhusiwi kushika zaidi ya nafasi mbili za malipo kwa wakati mmoja katika mashirika ya namna hiyo. Someni pia Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025, kwa kuwa ile ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 imefutwa, na bado naona fomu za kampuni zinazoinukuu. Mkiwa na shaka, iandikieni EACC pale Integrity Centre kabla barua ya uteuzi haijatoka, na jibu lao liingie kwenye faili ya bodi.