Kompyuta ikisema haipo, usimjibu mtu bado

Wadogo zangu mnaoanza kazi ofisini mwetu, hii nimewaandikia kwa sababu kila anayeingia hukutana nayo ndani ya mwezi wa kwanza. Kazi yetu ni vikundi vya wakaushaji dagaa kwenye mialo ya Mwanza, yaani fukwe wanakoshushia samaki, na kumbukumbu zetu zote ziko kwenye hati za mtandaoni za Google ambazo watu saba au wanane huziandika kwa pamoja. Muhtasari wa vikao peke yake umepita kurasa 140. Hakuna anayeusoma wote. Tunabonyeza Ctrl na F, tunaandika neno, na kikitokea kitu tunakiamini. Kisipotokea tunaamini pia, na hapo ndipo watu huumia.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha upande wa Igombe. Alishuka kwenye daladala asubuhi, daftari mkononi limefungwa kwa mpira. Ofisi iliwaahidi vichanja 12 vya kukaushia, akasema, na vilivyofika ni 8. Daftarini mwake palikuwa na namba 12 imezungushiwa duara. Nilifungua muhtasari mbele yake nikatafuta "vichanja". Yakatokea majibu tisa. Nikayapitia yote, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililotaja 12. Nikamwambia, "Mama, kwenye kumbukumbu zetu hakuna kitu kama hicho." Hakubishana. Alilitia daftari mpira, akasema, "Sawa mwanangu," akaondoka. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia, na dagaa asiyekuwa na kichanja huanikwa mchangani, akinyeshewa anaoza.

Wiki tatu baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nililikuta. Aliyeandika muhtasari siku ile hakutumia neno "kichanja". Aliandika "meza za kuanikia". Namba yenyewe haikuwa ndani ya hati, ilikuwa kwenye maoni ya pembeni: "Ni 12, si 8. Nimeshawaambia." Mtu akayafunga maoni yale kana kwamba yameshughulikiwa, yakatoweka pembeni mwa ukurasa. Mama alisema kweli, nami nilimrudisha nyumbani kwa kujiamini.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kisanduku cha kutafutia kinalinganisha herufi, maana hakiijui. Na Kiswahili chetu, kwa jinsi maneno yanavyojengwa, kinahitaji utafute kwa akili. Usiandike neno zima, andika kiini chake. Ukitafuta "kausha" hutapata "zilizokaushwa" wala "wakaushe", kwa kuwa herufi inayofuata "kaush" hubadilika. Andika "kaush" tu, na ndani ya hati ya Google Docs utapata kukausha, wamekausha, mkaushaji, ukaushaji na zilizokaushwa kwa mkupuo mmoja. Umoja na wingi vivyo hivyo: "chanja" inakupa kichanja na vichanja, "tumbwi" inakupa mtumbwi na mitumbwi.

Kuna maneno hayakubali. Wavu na nyavu yanashiriki "avu" peke yake, na ukiandika hivyo utaletewa kila mahali palipoandikwa dagaa wakavu, yaani hati nzima. Mwalo na mialo, tafuta mara mbili. "Lipa" nalo ni mtego: litakuletea alipata, alipanda na walipakia, maana ndani ya maneno hayo mna herufi zilezile. Mimi hutafuta "malipo", kisha "kulipa", kisha "lipw" kwa ajili ya walilipwa na yalipwe. Misako mitatu, dakika moja.

Halafu kuna matamshi yetu. Sisi wa Kanda ya Ziwa r na l hubadilishana ulimini, na kinachotoka ulimini hufika kwenye kibodi. Nimekuta "sangala", nimekuta "Kilumba", nimekuta "habali". Simcheki mtu, mimi mwenyewe nimekulia humuhumu. Ila ujue kwamba "sangara" haitaleta "sangala". Bonyeza Ctrl na H, dirisha la kutafuta na kubadilisha litafunguka, weka alama kwenye chaguo la kutumia mpangilio wa herufi, lile ambalo kwenye menyu ya Kiingereza linaitwa "regular expressions", kisha andika sanga[rl]a. Mabano yale yanaiambia mashine kwamba nafasi ile inaweza kukaa r au l. Angalizo moja: dirisha hilohilo lina kitufe cha kubadilisha zote. Ukiwa unatafuta tu, usikiguse. Hati ni ya watu wanane, na ukikibonyeza umegusa maandishi ya wote kwa sekunde moja. Ikikutokea, Ctrl na Z papo hapo, kisha uwaambie wenzako.

Njia hiyo ya herufi ina faida kubwa zaidi tunapoandika na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Samaki ni yuleyule, majini hana mpaka, lakini majina yake yana mipaka. Dagaa wetu Mkenya anamwita omena na Mganda anamwita mukene. Sato kwao ni ngege, na sangara Kisumu anaitwa mbuta. Hati ya pamoja ikiandikwa na watu wa Mwanza, Kisumu na Entebbe, ukitafuta "dagaa" umesoma theluthi yake ukadhani umesoma yote. Andika dagaa|omena|mukene, kwa kile kistari cha wima katikati, chaguo lilelile likiwa na alama, na mashine itakuletea lolote kati ya matatu. Hili nilifundishwa na mwenzangu wa Kisumu, baada ya mimi kumlalamikia kwamba ripoti yake haina habari za dagaa. Zilikuwemo kurasa nne.

Namba zina shida yake. Mmoja ataandika 1,250,000, mwingine 1250000, mwingine "milioni moja na robo", na mwingine 1.25m. Kwenye hati ya maandishi hizo ni vitu vinne tofauti. Tafuta kwa jina la kikundi kwanza, ukifika hapo soma kwa macho. Na alama ile ya juu kwenye ng'ombe au Ng'wanza ina sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda, kulingana na simu au kompyuta iliyotumika. Usiitegemee. Andika "ombe" au "wanza" tu.

Sasa niseme mahali ambapo Ctrl na F haifiki kabisa, hata ukiandika neno sahihi.

Haifiki kwenye maoni ya pembeni. Maoni yana mahali pake: bonyeza alama ya kiputo cha maongezi juu upande wa kulia, na humo utaona hata yale yaliyofungwa. Maamuzi mengi mno yanafanyikia kwenye maoni, watu wanakubaliana pale pembeni halafu wanafunga bila kuhamishia neno moja ndani ya hati. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya uandishi wa pamoja, na nawaomba msilirithi. Kabla hujafunga maoni, andika uamuzi ndani ya hati, kwa sentensi kamili.

Haifiki ndani ya picha. Vijana wa mialoni hupiga picha karatasi za mkono wakazibandika kwenye hati. Kwa macho unaona maandishi, kwa mashine ile ni picha tu, sawa na picha ya mtumbwi. Chini ya kila picha andika mstari mmoja: mwalo upi, tarehe gani, karatasi inahusu nini.

Haifiki kwenye kilichofutwa. Ukihisi sentensi ilikuwepo na sasa haipo, fungua historia ya matoleo kwenye menyu ya faili. Humo utapita toleo kwa toleo ukiona nani alifuta nini na lini. Ni kazi ya subira.

Na kwenye Google Sheets, yaani faili za majedwali, Ctrl na F inatafuta kwenye ukurasa uliofungua tu. Faili letu la mizigo lina kurasa 12, mmoja kwa kila mwezi. Tumia Ctrl na H uchague kurasa zote.

Kutafuta hati yenyewe, pale hujui iko wapi, ni suala jingine. Kwenye Google Drive vile vipande vya maneno havifanyi kazi, "lipw" haitakupa walilipwa. Huko andika neno kamili, au maneno mawili matatu ndani ya alama za kunukuu ukikumbuka yalivyofuatana. Ukiongeza after:2024-03-01 unabaki na hati zilizohaririwa baada ya tarehe hiyo. Na hati uliyotumiwa linki yake kwenye WhatsApp lakini hukuwahi kuifungua, usitegemee kuiona kwenye utafutaji wako. Kila linki ya kazi ifungue mara moja siku unayoipokea.

Mnaotumia simu, na najua wengi mko mialoni bila kompyuta, kutafuta kupo: vitone vitatu juu kulia, kisha chaguo la kutafuta na kubadilisha.

Tangu siku ile huwa naandika mstari mmoja chini ya kila kikao, wenye majina yote ambayo mtu anaweza kuyatumia kwa jambo lililoamuliwa. Kwa mfano: "Kichanja, vichanja, chanja, meza ya kuanikia, Igombe, 12." Unachukua nusu dakika. Na mtu akija na daftari lake, simjibu kabla sijatafuta kwa maneno matatu tofauti na kufungua maoni yaliyofungwa. Nikikosa bado, namwambia, "Sijaliona, niachie namba yako ya simu," na naandika kwenye hati kwamba nimeulizwa.

Vile vichanja vinne tulivipeleka wenyewe, juu ya pikapu, mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha. Nilimwamkia mama nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Aliitikia marahaba, akavizunguka vyote akivihesabu kwa kidole, vya zamani na vipya, mpaka 12. Kisha akatoa daftari, akavua mpira, akaweka alama ya vema pembeni ya ile namba yenye duara.