Kwa wanaoanza kuonja na kuhudumia mvinyo Dodoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye hoteli na baa za hapa Dodoma, jifunzeni kwanza kutenganisha vitu vitatu mdomoni: sukari, uchachu na ukakasi. Mgeni akisema "huu mkali," huenda analalamikia uchachu au ukakasi, na ni juu yenu kujua ni kipi. Uchachu hujaza mate. Ukakasi hukausha ufizi na kukwaruza ulimi, kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Unatokana na tanini zilizomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, ndiyo maana mvinyo mwekundu unao kuliko mweupe. Na msichanganye harufu ya matunda na sukari. Mvinyo unaweza kunukia matunda yaliyoiva kabisa na bado ukawa mkavu, yaani usio na utamu wa sukari.

Anzieni nyumbani, na mwekundu wa zabibu ya Makutupora. Mimi naupata uchachu ukitangulia, kisha zambarau, na ukakasi usiosumbua. Pembeni yake mimineni mwekundu wa zabibu ya Shiraz kutoka Afrika Kusini, mtasikia pilipili manga na kitu kama moshi. Halafu wa zabibu ya Malbec kutoka Mendoza, Argentina, mzito na wenye rangi iliyokolea. Glasi zote ziwe mezani kwa pamoja, urudi kwenye ya kwanza baada ya kuonja ya tatu. Kuonja chupa moja leo na nyingine wiki ijayo hakufundishi mengi. Na temeni! Ukimeza zote, glasi ya nne utaisifia bure.

Suala la joto nalisisitiza kwa sababu naumia kuona mvinyo wetu ukilaumiwa kwa kosa la rafu. Mnaambiwa mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chupa iliyoshinda kaunta Dodoma mwezi wa Novemba, ukiimimina saa nane mchana, pua inakutana na spiriti tu, matunda huyasikii. Iwekeni kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, muone tofauti.

Kwenye mvinyo wa mapovu, ulizeni mapovu yaliingiaje. Shampeni ya Ufaransa, Cava ya Hispania na Cap Classique ya Afrika Kusini huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe na kukaa na hamira yake kwa miezi mingi. Humo ndimo inamotoka harufu ya mkate uliookwa, na mapovu madogo yasiyoisha upesi. Prosecco ya Italia kwa kawaida huchachuliwa kwenye tangi kubwa, hivyo hubaki na harufu ya peasi na maua. Siihesabu kuwa duni. Kwa jua letu naipenda mno.

Someni vizuri lebo za mvinyo huu wa mapovu. "Extra Dry" ina sukari zaidi ya "Brut": gramu 12 hadi 17 kwa lita, wakati Brut haifiki 12. Mgeni aliyezoea mvinyo mtamu mpeni "Demi-Sec", iliyo tamu kuliko hizo mbili, kabla hajakunja uso. Chupa ipoe sawasawa, muiinamishe, kidole gumba kikae juu ya kizibo tangu mnapolegeza waya, kisha mzungushe chupa, siyo kizibo. Presha ya ndani ya shampeni inazidi mara mbili ile ya tairi la gari dogo, kwa hiyo msielekeze mdomo wa chupa kwa mtu yeyote.