Barua kwa Mwanangu: Alikuwa na Begi Mkononi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema kazini mnabishana juu ya kesi ya Sean Combs, yule tajiri wa muziki wa Marekani, na mpenzi wake wa zamani, mwimbaji Casandra Ventura, ambaye watu wanamjua kwa jina la Cassie. Umeniandikia hivi: "Mama, kama kweli aliteswa, mbona alikaa naye zaidi ya miaka kumi? Ana jina, ana wazazi wanaompenda, si mtu wa kukosa pa kwenda. Kwa nini hakuondoka?" Ukaongeza kwamba dada wawili unaofanya nao kazi hawakusemeshi tangu uulize hivyo, na hujui umekosa nini.

Sikukupigia kwa sababu haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, nawe utaharakisha kuninyamazisha. Acha niandike.

Tuanze na ile video ya Combs akimpiga Cassie, maana umeiona. Ni ya Machi 2016, katika hoteli moja ya Los Angeles, na CNN waliitoa Mei 2024. Tunachokumbuka wengi ni mateke, na mwanamume mwenye taulo kiunoni akimburuta mwanamke sakafuni. Irudie uangalie mwanzo wake tu. Cassie anatembea haraka kwenye korido, ana begi, amefika kwenye lifti. Anaondoka, baba. Dunia nzima imemtazama mtu anayeondoka, kisha ikageuka kuuliza kwa nini hakuondoka. Na picha hizo zilikaa gizani miaka minane. Mlinzi wa hoteli ile alieleza mahakamani kwamba alipewa dola 100,000 ili zisionekane.

Unasema ana jina. Jina lenyewe lilikuwa mikononi mwa nani? Alisaini na kampuni ya muziki ya Combs mwaka 2006 akiwa na miaka 19, bwana akiwa karibu mara mbili ya umri wake. Mkataba ulikuwa wa albamu 10, ikatoka moja. Nyumba aliyoishi ililipiwa na bwana huyo huyo. Alieleza mahakamani kwamba akimuudhi, gari na simu huchukuliwa, na kwamba alitishiwa kuanikwa kwa video za faragha yake. Sisi wengine tukikorofishana na bosi tunarudi nyumbani tukaliwazwe na mwenzi. Mwenye nyumba akitusumbua, tunaenda kazini tukapumue. Kwake yeye bosi, mwenye nyumba na mpenzi walikuwa mtu mmoja. Tina Turner naye alikuwa nyota alipomtoroka mumewe Dallas mwaka 1976, ukumbi unamsubiri aimbe, na mfukoni alikuwa na senti 36.

Lakini katika kesi ile yote, aliyeninyima usingizi ni mama yake Cassie. Naye alitoa ushahidi. Alisema mwishoni mwa 2011, Combs alipogundua kwamba Cassie ana uhusiano na msanii mwingine, alidai alipwe dola 20,000. Mama akakopa kwa dhamana ya nyumba yao, akazituma. Mama huyo huyo alimpiga picha binti yake akiwa na michubuko mwilini. Siku chache baadaye pesa zikarudishwa. Hebu fikiri: tajiri wa kiwango kile, dola 20,000 za wazazi wa mtu ni za nini? Mimi naona alitaka wazazi nao wajue wako chini ya nani. Niliposoma hapo niliiweka simu mezani nikatoka nje. Mama yule alimjua adui wa mwanawe, na bado alienda benki.

Sina neno la kumlaumu, na sasa nakueleza kwa nini. Nimemwomba mama yako mdogo ruhusa kabla ya kuandika. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwambie yote, hata ya ada. Ila mwambie si deni lake."

Mume wake wa kwanza unamkumbuka kwa mema, na huna kosa. Alikubeba mabegani, hakuwahi kuja mikono mitupu. Alikuwa mtu mkubwa, akiingia mahali watu wanasimama kumpisha. Baba yako alipofariki nikabaki na mshahara usiofika mwisho wa mwezi, ni yeye aliyeniambia, "Shemeji, huyu kijana ni wangu, mambo ya shule niachie mimi." Ada yako ya kidato cha kwanza aliilipa yote kwa mkupuo. Mjomba wako alitafutiwa kazi naye. Bibi yako alilipiwa operesheni ya macho. Hapakuwa na nyumba katika ukoo wetu ambayo haikuwa na kitu chake ndani.

Mdogo wangu akaanza kuvaa mikono mirefu wakati wa joto. Simu haikutoka mkononi mwake, hata jikoni, hata akienda kuoga. Ikilia mara ya kwanza ameshashtuka, mara ya pili ameshapokea. Ikifika ya tatu, aliniambia baadaye, kuna kesi ya kujibu usiku. Mshahara wake ulikuwa unaingia kwenye akaunti ambayo kadi yake anayo mume. Rafiki zake walipungua mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu iliyoonekana ya maana: huyu mmbeya, yule hana adabu, yule mwingine anamwonea wivu. England na Wales tangu 2015 wamelifanya hili kuwa kosa la jinai, yaani kumdhibiti mwenzi kwa mwendo wa namna hiyo, hata pasipo kofi moja. Sisi tulikuwa tunasema ana mume anayemjali.

Usidhani hakumpenda. Alimpenda sana. Alipojifungua akaugua, ni mume wake aliyemwogesha wiki nzima kwa mikono yake, na mdogo wangu alikuwa akiikumbuka wiki ile kila alipopigwa. Alikuwa anamngojea yule mtu wa wiki ile arudi.

Alikuja kwangu mara tatu. Mara ya tatu ndiyo inayonirudia. Ilikuwa saa tano usiku, mtoto mgongoni ana kiatu kimoja, kingine kimedondoka njiani. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe. Simu ikaingia ujumbe. Nikamwona anajibu, kidole gumba kinatetemeka: "Nisamehe mume wangu, nakupenda, nitakuja asubuhi." Nikashangaa, nikamuuliza anaomba msamaha wa nini. Akasema, "Akilala na hasira atakuja hapa."

Kwa hiyo mawakili wa Combs walipoonyesha mahakamani jumbe za mapenzi ambazo Cassie alikuwa akimtumia bwana yule, na watu wakasema haya basi, mwathirika gani anaandika hivyo, mimi nilikiona kidole kile.

Na usiku ule, mwanangu, nilimuuliza swali lako. Neno kwa neno. "Sasa kwa nini huondoki?" Akanitazama kwa lile jicho moja. Alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amekaa kitandani kwangu.

Kisha nikasema baya kuliko hilo. Nikamwambia arudi wakazungumze, mtu mwenye busara kama yule hawezi kushindwa kuelewa. Mkoba wangu ulikuwa umening'inia mlangoni, na ndani yake mlikuwa na risiti ya ada yako ya muhula uliokuwa unaanza wiki ile. Sitakudanganya kwamba sikuufikiria. Niliutazama mkoba, nikamtazama yeye, nikamwambia rudi.

Alirudi. Hakuja tena kwangu.

Hili ndilo nataka ulielewe kuhusu mwenye nguvu. Hahitaji kufunga mlango. Anatufanyia wema sisi tulioko nje ya mlango, kwa muda mrefu, mpaka siku mtu wetu akitoka tunamrudisha wenyewe, tena kwa maneno ya upendo. Mdogo wangu hakuzuiwa na mume peke yake. Alizuiwa na macho ya bibi yako, na kazi ya mjomba wako, na sare yako ya shule niliyokuwa nimeipiga pasi ikaning'inia ukutani chumba kile kile.

Alipoondoka kweli, hakutuaga. Ilimchukua miezi minane. Vyeti vyake alivitoa kimoja kimoja, amevificha ndani ya daftari za mtoto, akaviweka kwa mwanamke mmoja wa kazini kwake ambaye hakuna aliyejua kuwa ni rafiki yake. Alibadilisha akaunti ya mshahara mwezi ule ule wa kuondoka, mapema kidogo ingemfichua. Akachagua siku ya kazi, saa nne asubuhi, mume akiwa kikaoni, akatoka na mkoba wa kawaida na mtoto, kama mtu anayekwenda kliniki. Mimi dada yake nilipata habari siku ya pili yake, tena kutoka kwa huyo mume, aliyekuja kwangu akilia machozi ya kweli akitaka nimsaidie kumtafuta. Nilipompata mdogo wangu baada ya wiki kadhaa nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwa upole kabisa, "Dada, nilijua ungemwambia. Si kwa ubaya."

Miezi minane nilikuwa naiona kama woga. Sasa najua ilikuwa hesabu. Wanaofanya kazi na watu hawa wanajua kwamba siku za kuondoka, na zile zinazofuata, ndizo za hatari zaidi. Unamkumbuka Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa kwenye Olimpiki ya Paris Agosti 2024? Huyo alikuwa ameshaachana na mwanamume wake. Alikuwa na jina, nchi yake ilikuwa inamjua. Wiki chache baada ya Paris mwanamume huyo alimfuata nyumbani kwake Trans-Nzoia, Kenya, akammwagia petroli akamchoma moto, na alifariki hospitalini Eldoret tarehe 5 Septemba. Kwa hiyo ukimwambia mtu "ondoka tu", ujue hilo neno "tu" halimo.

Kidato cha pili ulikaa nyumbani wiki tatu. Nilikuambia shule ina matengenezo, ukafurahi, ukacheza mpira mchana kutwa. Hapakuwa na matengenezo. Mama yako mdogo alikuwa ameondoka, na ada haikulipwa. Nilipata kazi ya pili ya jioni, ukarudi shule. Basi. Kumbe tungeweza siku zote, kwa shida, lakini tungeweza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko risiti yenyewe.

Umeandika pia kwamba mahakama "ilimwachia" Combs, kwa hiyo Cassie alikuwa mwongo. Hapo rekebisha. Julai 2025 jopo la raia 12 kule New York lilimwona hana hatia ya kula njama za genge la uhalifu wala ya kusafirisha watu kwa unyonyaji wa ngono, ila likamtia hatiani kwa makosa mawili ya kusafirisha watu kwa ajili ya ukahaba, na Oktoba akahukumiwa miezi 50 jela. Vipigo havikubishaniwa. Wakili wake mwenyewe alivikubali tangu siku ya kwanza, akasema tu kwamba mashtaka yaliyofunguliwa ni mengine. Kile walichoamua wale watu 12 ni kama serikali imethibitisha makosa yale. Kama Cassie aliumia, kila mtu mle ndani alijua. Alikaa kizimbani siku nne, mjamzito wa miezi ya mwisho, akiulizwa jumbe alizoandika miaka kumi nyuma.

Sasa hao dada wawili wa kazini kwako. Siwajui, na sitaki ukawachunguze. Ila wewe ulipouliza kwa sauti mbele ya watu, "kwa nini hakuondoka", kila aliyekuwa pale na jambo lake alisikia kwamba kwako hapasemeki. Mimi niliuliza mara moja tu, ndani ya chumba changu, na mdogo wangu wa tumbo moja akaniondoa kwenye orodha ya watu wa kuwaamini. Kawaombe radhi, bila maelezo marefu na bila kunitaja mimi. Na ikitokea siku mmoja wao akakueleza kitu, usimpe ushauri wa haraka. Muulize anahitaji nini leo. Pengine ni mahali pa kuweka bahasha, na akikupa uiweke, usiifungue, usimwambie hata mkeo.

Mama yako mdogo anakuja kwako Jumamosi, ameniambia. Ukimtaka akusimulie, ngoja aanze mwenyewe, na asipoanza mzungumze mengine. Ila ukimwona anaiacha simu mezani ikilia, mara tatu, nne, tano, naye anaendelea kula, usimwambie, "Mama mdogo, simu yako inaita." Anasikia. Mwache.

Mama yako